Luigi Amedeo, mtoto wa ukoo wa kifalme aliyefika kwenye theluji ya Ruwenzori

Ukitoka Bunia kwa njia ya Komanda mpaka Beni, kuna asubuhi moja moja, mvua ikiisha kunyesha, mawingu yanafunguka na kitu cheupe kinaonekana kule juu. Ni theluji ya Ruwenzori. Wageni wanashangaa sana, sababu tuko karibu kabisa na ikweta. Mtu wa kwanza anayejulikana kufika kwenye kilele chake kirefu zaidi ni Luigi Amedeo wa Savoia, Duke wa Abruzzi, wa ukoo wa kifalme wa Italia.

Alizaliwa Madrid tarehe 29 mwezi wa kwanza 1873. Baba yake alikuwa mfalme wa Uhispania, lakini mwezi uliofuata akaacha kiti na familia ikarudi Italia. Kijana akaingia jeshi la majini akiwa bado mdogo. Milima aliizoea katika Alps. Siku hizi watu wengi wanakwenda huko kuteleza juu ya theluji na ski kwa raha yao, lakini hata huko kuna miteremko ya wazoefu tu. Asiyezoea anaweza kuacha maisha.

Mwaka wa 1897 alipanda Saint Elias, mlima wa metre 5,489 kwenye mpaka wa Alaska na Kanada, ambao hakuna aliyekuwa ameufikia kileleni. Mwaka wa 1899 akaelekea ncha ya kaskazini ya dunia. Baridi ikaua vidole vyake, viwili vikakatwa, na ikabidi abaki nyuma wakati mwenzake Umberto Cagni anaendelea mbele. Tangu hapo alijua vizuri bei ya baridi.

Ruwenzori ilikuwa bado siri kwa Wazungu. Stanley aliona theluji yake mwaka wa 1888, akiwa upande wa Ziwa Albert, hapa kwetu Ituri. Nyuma yake wengine walijaribu kupanda, lakini mvua, ukungu na matope yakawarudisha.

Duke alikuja mwaka wa 1906. Alifika Mombasa kwa meli, akachukua treni mpaka Ziwa Victoria, akavuka mpaka Entebbe, kisha kwa miguu hadi Fort Portal, pamoja na wachukuzi mia kadhaa. Alileta kamba, hema, shoka za barafu, wataalamu, mpiga picha Vittorio Sella, na viongozi wa milima kutoka Alps. Lakini mlimani kwenyewe, ni Wakonjo, ndugu za Wanande wa upande wetu, waliobeba mizigo kwenye matope na baridi, wengi wao bila viatu.

Tarehe 18 mwezi wa sita 1906, yeye na viongozi wake Petigax, Ollier na Brocherel walifika kilele cha Alexandra, kisha wakaendelea kwenye kile kirefu zaidi. Karibu na juu, ukuta wa barafu ukawafungia njia. Kiongozi mmoja akasimama imara, mwenzake akapanda juu ya mabega yake, na hivyo wakapita. Walikuwa kwenye metre 5,109, pale ambapo leo mpaka wa Kongo na Uganda unapita.

Kilele hicho alikiita Margherita, jina la malkia wa Italia. Mlima mwingine akaupa jina la Emin, yule Emin Pasha aliyekutana na Stanley kwenye Ziwa Albert. Wafalme, malkia na wasafiri wa Ulaya wakagawiwa vilele vikubwa. Wachukuzi hawakupata hata kimoja, na bila wao hema na chakula visingefika juu.

Mwaka wa 1909 Duke alijaribu K2 huko Asia, akashindwa, lakini kwenye mlima wa Chogolisa alifika karibu metre 7,500, kimo ambacho hakuna mpanda milima aliyekuwa amekifikia mbele yake. Katika vita ya kwanza ya dunia aliongoza meli za kivita za Italia. Kisha akahamia Somalia, koloni ya Italia, akafungua mashamba makubwa kando ya mto Shabelle. Alikufa huko tarehe 18 mwezi wa tatu 1933, akazikwa huko huko.

Barafu aliyoikanyaga inaisha. Mwaka wa 1906 ilifunika karibu kilometre za mraba 6.5, mwaka wa 2003 ilibaki chini ya 1. Picha za Sella zimekuwa ushuhuda wa kile kilichopotea. Maji ya Ruwenzori yanashuka mpaka Semuliki, na Semuliki inaingia Ziwa Albert, kule kwa wavuvi wa Kasenyi na Tchomia. Mto hautakauka kwa sababu hiyo peke yake, maana mvua ndiyo inaleta maji mengi. Lakini mtoto anayezaliwa leo Beni au Mutwanga anaweza kuzeeka akitazama mlima ule ule, majina ya Wazungu yakiwa bado juu yake, na weupe wake umekwisha.