Jim Corbett wa Nyeri: Mwindaji Aliyepiga Picha kwa Maji na Mawe

Afikaye Nyeri huonyeshwa kaburi la Baden-Powell, mwasisi wa skauti. Katika makaburi hayo hayo ya kanisa la St Peter amezikwa mzee mwingine, Jim Corbett, ambaye umaarufu wake ulitoka Bara Hindi. Wengi humjua kwa bunduki. Mimi leo nataka kumtaja kwa kamera.

Alizaliwa Naini Tal tarehe 25 Julai 1875, mtoto wa bwana posta. Babaye alifariki naye angali mdogo, na ujana wake ukaishia Mokameh Ghat, akisimamia upakiaji wa shehena za reli kando ya mto Ganges kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1907 alimwua jike la chui milia lililosemekana kuwa limekula watu 436. Tangu hapo kila kijiji kilichopatwa na balaa kilimwita yeye.

Adui yake mkubwa, ukimfuata vizuri, ni giza. Alipokuwa akimsaka chui wa Rudraprayag, mwenzake aliyebeba karabai aliigonga kwenye jiwe usiku, na kile kifuko cheupe kitoacho nuru kikaporomoka kuwa vumbi. Wakarudi kwa kimwali kilichokuwa kikififia, chui akiwa hapo hapo gizani. Mwisho wake, Mei 1926, Corbett alifunga tochi kwenye bunduki. Tochi ilimwonyesha chui, akafyatua, nayo ikazimika papo hapo. Mtu aliyepitia hayo ana haki ya kuujua mwangaza kuliko sisi tubonyezao swichi.

Baadaye akapendelea picha kuliko ngozi. Zama zile Champion, bwana misitu, alikuwa akinasa picha za usiku kwa waya uliotegwa njiani: mnyama akiukanyaga, unga wa magnesiamu hulipuka na kamera hufanya kazi yake. Picha zilikuwa nzuri sana, lakini kila mlipuko ni picha moja tu. Corbett alikuwa na kamera ya senema, naye alitaka mnyama atembee, anywe, ageuze shingo. Hapo baruti haikufaa. Alihitaji jua, nalo msituni halifiki chini. Na kamera yenyewe ilikuwa ikikereza kama cherehani, mnyama asikiapo hutoweka.

Basi tazama alivyofanya. Alichagua bonde lililo wazi, lenye kijito chembamba katikati, ambapo mwangaza uliingia bila kulipiwa. Kisha akakiziba kijito mahali kadha wa kadha, yakafanyika maporomoko ya inchi chache tu. Mshindo wa maji ukaufunika mlio wa kamera. Hiyo ndiyo studio yake. Wanyama wenyewe, saba, aliwavuta kutoka mbali, hatua chache kila mara, na kazi nzima ikachukua miezi minne na nusu. Mmoja wao alikuwa jike jeupe. Mwenye kudhani kuwa upigaji picha ni fedha ya vifaa na azingatie hapo.

India ilipopata uhuru mwaka 1947, yeye na dada yake Maggie walihamia Kenya, wakakaa Nyeri katika kijumba cha Paxtu, alichojengewa Baden-Powell kwenye hoteli ya Outspan. Hakuoa kamwe. Kwa ukweli, alikimbia himaya moja inayokwisha akaingia katika nyingine, tena penye Wakikuyu waliokuwa wakidai ardhi yao.

Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 alikuwa Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mti mkubwa wa mgumo huko Nyandarua. Binti mfalme Elizabeth alipiga senema ya tembo hadi mwangaza ukafifia, na Nyeri, iliyo jirani na mstari wa ikweta, magharibi yake haingoji mtu. Corbett, mwenye umri wa miaka 76, alikesha na bunduki akilinda ngazi. Usiku ule ule mfalme alifariki Sandringham, na binti akawa malkia bila ya kujua.

Mwaka 1954 wapigania uhuru waliichoma Treetops. Ilipojengwa nyingine mwaka 1957, wageni waliwatazama wanyama usiku kwa taa za umeme. Corbett hakuziona. Alifariki kwa moyo tarehe 19 Aprili 1955, muda mfupi baada ya kumaliza kitabu chake kuhusu usiku ule wa mtini. Maggie alibaki Nyeri hadi alipofariki mwaka 1963.