JM Kariuki: Mtoto wa maskwota aliyewatafutia wapiganaji wa msituni viatu

ANAYEPANDA kutoka Njoro kuelekea Mau Narok hupita katikati ya mashamba ya ngano, shayiri na viazi, huku hewa ikizidi kuwa baridi kila anaposonga mbele. Eneo hilo liko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Ukungu hutanda asubuhi, mvua hunyesha bila kubisha hodi, na udongo hugeuka tope linaloshika mguu wa mpitaji kama gundi.

Katika mazingira kama hayo, mtu anayelala msituni huhitaji blanketi, unga na viatu kabla ya kuiwazia bunduki. Hilo alilifahamu vyema marehemu Josiah Mwangi Kariuki, mwanasiasa ambaye Wakenya wengi humkumbuka kwa jinsi alivyouawa mwaka 1975, ilhali ni wachache wanaokumbuka kazi aliyoifanya alipokuwa kijana wa miaka 24 tu.

JM, kama alivyojulikana na wengi, alizaliwa Machi 21, 1929 katika eneo la Kabati-ini, Bonde la Ufa, karibu na mji wa Nakuru. Wazazi wake walikuwa Wakikuyu wenye asili ya Chinga, Nyeri, waliohamia Bonde la Ufa kutafuta riziki katika mashamba ya Wazungu. Walikuwa maskwota, watu walioruhusiwa kulima kipande kidogo na kufuga mifugo michache katika ardhi ya setla, nao wakilipa kwa jasho lao.

Sheria ya mwaka 1918 ilimlazimu skwota kumfanyia setla kazi siku 180 kwa mwaka. Ilipofika miaka ya 1940, masetla walikuwa wamepewa mamlaka ya kupunguza mifugo na mashamba ya maskwota, na siku za kazi zikaongezwa hadi 240 au zaidi katika baadhi ya wilaya. Aliyezaliwa katika maisha hayo alijua mapema kwamba nyumba aliyolala haikuwa yake, wala shamba lililomlisha.

Ardhi yenyewe ilikuwa na historia ya machungu hata kabla ya maskwota kufika. Kupitia mikataba ya 1904 na 1911, Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa na Laikipia. Kati ya 1911 na 1913, familia na mifugo yao zilisukumwa kuelekea kusini, baadhi zikipitia milima ya Mau, na wengi wakapotea njiani kwa baridi na maradhi. Mau Narok ikawa sehemu ya maeneo yaliyotengewa Wazungu, na madai ya Wamaasai kuhusu ardhi hiyo yamesikika kizazi baada ya kizazi.

Elimu ya JM ilikuwa ya kuokoteza. Alijiunga na shule mwaka 1938 lakini akaacha kwa kukosa karo, akaenda kufanya kazi katika shamba la setla. Bahati yake ilibadilika mwaka 1946, alipocheza kamari katika mashindano ya farasi akashinda. Badala ya kuzitapanya fedha hizo, alizitumia kurudi darasani. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1950, akiwa mtu mzima, kisha akavuka mpaka kwenda kusomea King's College Budo nchini Uganda.

Alirejea Kenya Oktoba 22, 1952. Siku mbili tu kabla ya hapo, Gavana Evelyn Baring alikuwa ametangaza Hali ya Hatari, na Jomo Kenyatta pamoja na viongozi wengine walikuwa wamekamatwa. JM alitua katika nchi iliyokuwa ikitokota.

Bonde la Ufa lilikuwa limeanza kutokota zamani. Huko Olenguruone, upande wa pili wa milima ya Mau, familia za Wakikuyu zilizofurushwa kutoka mashamba ya masetla zilipewa makao mwaka 1941, kisha zikawekewa masharti makali ya kilimo na umiliki. Zilikataa, zikala kiapo cha umoja, wazee kwa vijana na wanaume kwa wanawake. Serikali ilipoziondoa kwa nguvu kufikia mwaka 1950, kiapo hicho kilikuwa tayari kimesambaa katika mashamba mengi ya bonde hilo.

Kiapo ndicho kilichojenga undugu wa Mau Mau. Waliokula waliitana ndugu, na undugu huo ulikuwa na madeni yake. Wachache waliingia msituni kupigana. Wengi walibaki vijijini, mijini na mashambani wakiwa na wajibu wa kuwatunza waliokwenda. Kamati za siri zilichanga fedha, zikakusanya unga, dawa, nguo, viatu na risasi, na kutafuta nyumba za kuwaficha majeruhi na wajumbe. Wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo, wakipenya na chakula kilichofichwa huku wakijifanya wanakwenda kutafuta kuni.

JM alikula kiapo na kupewa kazi katika mtandao huo. Aliingilia biashara ya hoteli, shughuli iliyomfaa mtu wa siri, kwani hakuna anayeshangaa watu wakiingia na kutoka hotelini. Akawa mjumbe wa vuguvugu hilo kati ya Eldoret na Kisumu, akikusanya fedha na viatu na kutafuta mahali pa kuwahifadhi wenzake.

Njia hiyo haikuwa ya kubahatisha. Reli inayotoka Nairobi hugawanyika Nakuru. Tawi moja huenda Eldoret na Uganda, jingine hupitia Njoro, Elburgon na Molo hadi Kisumu. Kando ya reli hizo ndiko walikoishi vibarua na wafanyabiashara wadogo wenye shilingi mbili tatu za kuchanga, na pembeni mwa mashamba ndiko ilikoanza misitu. Katika misitu ya Narok, kwa upande wa kusini wa Mau, walipigana wafuasi wa Ole Kisio, jemadari ambaye jina lake huthibitisha kuwa vita hivyo havikuwa vya Wakikuyu peke yao.

Msomaji wa leo huenda akaona kuchanga jozi ya viatu kuwa jambo dogo. Askari wa serikali alikuwa na mshahara, sare, daktari na posta ya kumletea barua na vifurushi kutoka nyumbani. Hata mateka wa Vita vya Pili vya Dunia walipelekewa vifurushi vya chakula na shirika la Msalaba Mwekundu. Mpiganaji wa msituni hakuwa na lolote kati ya hayo. Asipokumbukwa na ndugu wa kiapo, alikula mizizi na asali, akatembea pekupeku katika baridi ya mlima.

Aliyetoa naye alihatarisha shingo yake. Chini ya kanuni za Hali ya Hatari, kuwapa wapiganaji msaada lilikuwa kosa ambalo lingeweza kumfikisha mtu kitanzini. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa makosa mbalimbali ya vita hivyo. Haki inatutaka tuseme pia kwamba si wote waliochanga kwa hiari. Wapo waliotoa kwa hofu ya wenzao, na wapo waliouawa kwa kukataa kiapo.

JM alikamatwa mwaka 1953 akiwa hotelini mwake. Hakuachiliwa hadi 1960. Kwa miaka saba alihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, zikiwemo Kowop na Langata. Huko alijifanya msemaji wa wenzake, akaandika barua za siri kwa wakubwa kulalamikia vipigo, njaa na kazi za sulubu, na kuadhibiwa kwa kuziandika. Mtu aliyekuwa akipenyeza viatu vya kuingia msituni sasa akawa anapenyeza karatasi za kutoka kambini. Masaibu hayo aliyasimulia katika kitabu chake cha kumbukumbu za kizuizini, kilichochapishwa mwaka 1963.

Uhuru ulimpandisha ngazi haraka. Alikuwa katibu wa kibinafsi wa Kenyatta, akachaguliwa mbunge na baadaye kuwakilisha Nyandarua Kaskazini, akateuliwa pia waziri msaidizi. Alitajirika. Alipenda farasi, kamari na maisha ya raha, na alimiliki shamba huko Gilgil. Wapinzani wake hawakukosa kuuliza iweje mwenye mali nyingi kiasi hicho ajifanye mtetezi wa maskini.

Swali hilo lilikuwa la haki, na JM hakuwahi kulijibu kikamilifu. Hata hivyo, alitoa. Katika mikutano ya Harambee alichangia shule na miradi kwa ukarimu uliowaudhi waliojiona wakubwa zaidi. Bungeni na nje yake alidai kuwepo kikomo cha ukubwa wa ardhi ambayo mtu mmoja angeweza kumiliki, akalalamika kuwa waliopigania ardhi walikuwa wakisahauliwa huku mashamba makubwa yakiangukia mikononi mwa wachache. Alionya kwamba nchi yenye matajiri wa kuhesabika na mamilioni ya fukara haiwezi kuwa na amani.

Ukitazama vizuri, lilikuwa deni lile lile la 1953. Waliovaa viatu alivyowakusanyia walitoka msituni bila shamba, na wengi walirudi kuwa vibarua pale pale walipokuwa maskwota.

Katika uchaguzi wa 1974 alizuiwa kuandaa mikutano ya kampeni, lakini wapiga kura wakamrudisha Bungeni. Machi 2, 1975 alionekana mara ya mwisho akiondoka katika hoteli ya Hilton, Nairobi, akiandamana na mkuu wa kikosi cha GSU, Ben Gethi. Uvumi ulienezwa kuwa alikuwa amesafiri Zambia. Maiti yake, iliyokuwa imegunduliwa na mchungaji wa Kimaasai katika milima ya Ngong, ilitambuliwa katika mochari ya City siku kadhaa baadaye. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Elijah Mwangale ilichunguza mauaji hayo na kutoa ripoti Juni mwaka huo, ikipendekeza maafisa wakuu wachunguzwe. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji hayo.

JM alizikwa Gilgil. Katika mji huo huo kuna makaburi ya kijeshi yanayotunzwa vizuri, ambamo wamelala askari wa Vita vya Pili vya Dunia pamoja na wengine waliokufa wakati wa Hali ya Hatari, kila mmoja na jina lake. Wapiganaji waliokufa katika misitu ya Mau na Nyandarua hawana mawe kama hayo.

Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Mwaka 2013, Uingereza ilikubali kuwalipa fidia waathiriwa 5,228 wa mateso ya kambini, jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi, na mnara wa ukumbusho ukazinduliwa bustani ya Uhuru mwaka 2015. Fidia hiyo ilihusu mateso. Haikugusa ardhi, na haikumfikia aliyebeba kikapu cha unga hadi ukingoni mwa msitu bila kukamatwa, kwa kuwa hakuwa na alama ya kuonyesha mahakamani.

Watu wa namna hiyo walikuwa wengi, na karibu wote wamekwenda na siri zao. JM alikuwa mmoja wao kabla ya kuwa mtu mashuhuri, na huenda hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake inayostahili kusimuliwa kwanza.