Bwana Mackay, Mwalimu wa Vijana

Katika yubile hii twamkumbuka Bwana Alexander Mackay. Hakukaa kwetu Nassa, lakini chama chake, C.M.S., ndicho kilichotuletea Injili hapa, hata mwaka 1909 kilipoikabidhi misioni kwa Africa Inland Mission.

Alizaliwa Scotland mwaka 1849, akajifunza uhandisi, akafika Buganda mwaka 1878. Hakuwafundisha vijana kwa maneno tu. Aliwakaribisha katika karakana yake, wakaona jinsi chuma kinavyofuliwa, wakasaidia kuchapa karatasi walizozisoma wenyewe.

Tarehe 31 Januari 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga, vijana watatu wa misioni walichomwa moto: Kakumba, Serwanga na Lugalama. Bwana Mackay na mwenzake Bwana Ashe walikwenda kuwaombea, wasisikiwe. Mwalimu alibaki hai, wanafunzi wamekufa. Huo ni mzigo mzito kwa kila mwenye kufundisha. Walakini hakuacha, aliendelea kufundisha na kuchapa.

Mwaka 1887 aliondoshwa Buganda, akahamia Usambiro, kusini ya Ziwa. Huko alifundisha na kutafsiri Injili ya Yohana, hata homa ikamwua mwezi wa Februari 1890, umri wake miaka 40. Mavuno hakuyaona, wasomaji wa Buganda ndio waliofundishana baada yake.

Basi, ndugu walimu, tusichoke tunapopoteza vijana. Tuwaite karibu na kazi za mikono yetu, nasi tuwaombee daima.