Livingstone, mgeni wa tembe la Kwihara

Ukifika Tabora mjini, ulizia Kwihara. Si mbali, ni kilomita chache tu. Tulikwenda tukitarajia kuona jumba kubwa, tukakuta tembe: kuta nene za udongo, paa la bapa, mlango wa mbao uliochongwa. Msikilizaji wetu wa Bahi au Mvumi asingeshangaa hata kidogo, maana nyumba za namna hii ndizo walizokaa babu zetu. Hili la Kwihara limejengwa upya baada ya lile la zamani kubomoka, na leo ni makumbusho. Mwaka 1872 David Livingstone alikaa hapa miezi kadhaa akisubiri wapagazi.

Alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813, katika familia iliyoishi chumba kimoja. Akiwa na miaka 10 aliingizwa kazini kwenye kiwanda cha pamba, na masomo yake aliyapata usiku baada ya kazi. Akawa daktari na mmisionari, akafika kusini mwa Afrika mwaka 1841. Huko simba alimvunja mkono wa kushoto, na mfupa ule haukuunga vizuri. Uwekeni akilini mkono huo, tutaurudia.

Kati ya 1854 na 1856 alivuka bara kutoka Luanda hadi Quelimane, akarudi Uingereza akiwa mtu maarufu. Mkewe, Mary, alifariki mwaka 1862 kando ya Mto Zambezi. Baada ya safari hiyo Livingstone alikaa miezi mingi Newstead Abbey, jumba la kale lenye kanisa lake ndani, kule mashambani Uingereza. Lilikuwa la rafiki yake, William Webb, naye akaandikia kitabu humo. Angeweza kustarehe. Lakini mwaka 1866 alikuwa Mikindani, akianza kupanda na Mto Ruvuma kutafuta chanzo cha Mto Nile, na kutazama kwa macho yake biashara ya watumwa.

Hapo ndipo penye ugumu wa habari yake, nasi hatutaki kuuficha. Aliichukia biashara ile, lakini wafanyabiashara wa pembe na watumwa ndio waliompa chakula na kumwuguza alipokuwa hoi. Hata tembe la Kwihara lilikuwa mali ya Waarabu wa misafara. Mwezi Julai 1871, huko Nyangwe kando ya Mto Lualaba, aliona watu wakipigwa risasi sokoni, wengi wao wanawake, na wengine wakizama mtoni wakikimbia. Alirudi Ujiji amevunjika moyo. Henry Stanley alimkuta huko mwishoni mwa mwaka huo, wakaja pamoja Unyanyembe, na Februari 1872 wakaingia Kwihara.

Stanley alimsihi warudi wote Ulaya. Alikataa. Tarehe 14 Machi Stanley aliondoka kwenda pwani na shajara za mzee, akiahidi kumtumia wapagazi. Basi mzee akabaki tembeni, akiandika, akipima hesabu za safari, akitengeneza jibini ya maziwa ya ng'ombe kwa ajili ya njiani. Vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu viliifanya nchi isiwe salama. Wapagazi walifika Agosti, na tarehe 25 mwezi huo akaelekea kusini. Tukiwa ndani ya vyumba vile vyenye giza tulijiuliza ingekuwaje kama wapagazi wasingefika.

Alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Mwezi mmoja baadaye, Juni 1873, Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Zanzibar, na habari alizoandika Livingstone kuhusu Nyangwe zilichangia kuleta shinikizo hilo. Yeye hakujua.

Chuma na Susi ndio walioamua la kufanya. Chuma alikuwa ameokolewa utotoni mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Susi aliajiriwa huko Zambezi. Pamoja na wenzao, akiwemo Halima mpishi, waliuzika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa magome na turubai. Oktoba walifika Unyanyembe. Hapo Luteni Cameron, Mwingereza, akawashauri wamzike papo hapo. Wakakataa.

Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Wasafiri wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakawatuma watu wachache kuyarudisha nyuma kama wanaokwenda kuzika, kisha wakayatawanya porini. Mwili wenyewe ukafungwa upya kama mtumba wa nguo, mzigo wa kawaida wa msafara. Hivyo ndivyo Livingstone alivyoielekea pwani. Akiwa hai hakuwahi kukanyaga Ugogo.

Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili ukalazwa katika kanisa la misheni. Mnara wake bado upo. Kutoka hapo Waingereza wakauchukua, na wapagazi wengi wakalipwa ujira wao na kuachwa. London madaktari waliutambua mwili kwa ule mfupa wa mkono wa kushoto, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey. Jacob Wainwright, aliyesoma sala za maziko kwa Chitambo, alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Chuma na Susi hawakuwepo.

Walipelekwa Uingereza baadaye, kwa gharama ya James Young, tajiri wa mafuta ya taa aliyesoma na Livingstone. Walifika hata Newstead, wakasaidia kuzisoma shajara za mwisho ili zichapwe kitabu. Na katika shamba la Young huko Kelly, Scotland, karibu na jumba lake la kifahari, walijenga kibanda mfano wa kile alichofia bwana wao, ili waliokuwepo waone kilivyokuwa.