Peter Cameron Scott wa Nzaui

Wanachama wenzangu, sisi wa Marani tumezoea kulalamika mvua ikizidi na matope yakitushika viatu. Nilipopita Emali kwa basi, nikielekea Mombasa, nililiona jabali kubwa upande wa kushoto, na chini yake nchi kame tupu. Mwalimu aliniambia ni Nzaui. Kumbe hapo ndipo lilipoanzia kanisa la AIC! Wengi wetu hapa ni Wasabato na Wakatoliki, kwa hiyo jina la Peter Cameron Scott si la kila siku. Basi nisikilizeni.

Alizaliwa Glasgow, Uingereza, mwaka 1867. Akiwa kijana mdogo wazazi walihamia Philadelphia, Marekani. Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, angeweza kula kwa sauti hiyo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1890 akaenda Kongo kuhubiri, na nduguye John akamfuata. Haikupita miezi mingi John akafa kwa homa. Peter mwenyewe ndiye aliyeunda sanduku na kumzika nduguye. Mimi nikifika hapa huwa nasita kuendelea, maana nina kaka.

Naye akaugua, akapelekwa Uingereza hali mbaya. Alipopata nafuu alikwenda kwenye kanisa la Westminster, penye kaburi la Livingstone. Juu ya jiwe lile kumeandikwa neno la Yohana kuhusu kondoo wengine wasio wa zizi hili. Akaamua kurudi Afrika, ila safari hii apitie mashariki.

Agosti 1895 alipanda meli na wenzake saba, akiwemo dada yake Margaret. Walifika Mombasa Oktoba. Reli haikuwepo bado, kwa hiyo zaidi ya kilomita 300 walikwenda kwa miguu pamoja na wapagazi, wakivuka nyika ya Taru isiyo na maji. Desemba wakapiga kambi Nzaui. Kwa mwaka mmoja tu alifungua vituo vinne: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Wazazi wake nao wakaja kusaidia. Ati mzee na mke wake waache Philadelphia waje kuishi Ukambani, ambako mto ukikauka watu huchimba mchanga wapate maji!

Tarehe 4 Desemba 1896 Scott alifariki kwa homa, akiwa na miaka 29. Alizikwa huko huko Nzaui.

Mambo yakaharibika. Wenzake wengine wakafa, wengine wakaacha kazi. Mvua zikakosa kunyesha, na mwaka 1898 na 1899 njaa kali ikaua Wakamba wengi, ndui nayo ikifuata nyuma. Misheni ilibaki inaning'inia kwa uzi. Charles Hurlburt ndiye aliyeifufua, na mwaka 1903 makao makuu yakawa Kijabe, kwenye baridi na miti.

Watu wa Nzaui hawakuhama. Bado wanalima pojo, mbaazi na maembe, mazao yanayovumilia jua.

Mmoja wa wale saba, Willis Hotchkiss, aliiona njaa ile kwa macho. Mwaka 1902 alikuja upande wetu wa magharibi na Waquaker wenzake wawili, wakachagua mahali pa kujenga: Kaimosi, penye msitu na mto unaotiririka mwaka mzima.