Cecilia Payne, mwanamke aliyegundua nyota zimeundwa na nini
Cecilia Payne alizaliwa Uingereza mwaka 1900. Alisoma Cambridge, chuo ambacho wakati huo hakikuwapa wanawake shahada, hivyo mwaka 1923 akahamia Marekani. Mwaka 1925, kwa kuchunguza mwanga wa nyota, aligundua kuwa zimeundwa hasa na haidrojeni na heli. Metali ni kidogo mno. Mtaalamu mashuhuri, Henry Norris Russell, alimpinga, lakini mwaka 1929 akakubali.

Mwaka 1933 alimsaidia Sergei Gaposchkin, Mrusi asiye na uraia wa nchi yoyote, kupata viza. Walioana mwaka 1934, wakapima pamoja mwangaza wa nyota. Harvard ilimpa uprofesa mwaka 1956. Alifariki mwaka 1979.

Wasichana wa Rusizi, wakimbizi na wenyeji, msiache sayansi.