Harry Brearley: Alitafuta dawa ya mitutu, akapata chuma kisichoshika kutu

Mwenye pampu ya kuvuta maji ya mto anajua kwamba bomba huanza kutoboka kwenye kona. Mchanga hugonga hapo na kukisugua chuma kidogo kidogo. Ulikaji wa chuma ndio pia uliomfikisha Harry Brearley wa Uingereza kwenye ugunduzi wake.

Alizaliwa mwaka 1871 Sheffield, mji wa wafua visu, baba yake akiwa kibarua wa tanuri la chuma. Aliacha shule akiwa na miaka 12, na muda si mrefu akawa anaosha chupa katika maabara ya kampuni ya Thomas Firth. Kemia aliisoma jioni baada ya kazi. Kufikia 1908 alikuwa mkuu wa maabara ya utafiti ya kampuni za Firth na John Brown.

Mwaka 1912 watengenezaji wa bunduki walimletea shida yao: gesi ya moto ya baruti ilikuwa ikiila mitutu kwa ndani. Brearley akaongeza kromi, na Agosti 1913 akayeyusha chuma chenye kromi karibu asilimia 13. Alipokipaka tindikali ili akichunguze kwa hadubini, hakikulika. Mawazo yake yakahamia kwenye visu vya mezani, ambavyo siki na ndimu zilikuwa zikiviharibu.

Wakubwa wake hawakuvutiwa. Wafua visu wa kwanza nao walilalamika kuwa chuma hicho ni kigumu mno na hakinoleki, hadi Ernest Stuart wa kiwanda cha Mosley alipopatia moto wake. Ndipo ukazuka ugomvi juu ya mwenye haki ya ugunduzi. Brearley aliondoka 1915, na mwaka uliofuata akapata hataza Marekani.

Jina la chuma hiki huwaponza wanunuzi. Kutoshika kutu si kutosuguliwa. Kromi hufunika chuma kwa utando mwembamba sana. Mchanga ukiukwangua mfululizo, chuma kinaliwa. Aina laini zilizoongezwa nikeli zinafaa kwa maziwa na juisi. Maji ya mchanga yanataka chuma kilichokazwa kwa moto, kama kile cha Brearley kinachotumika kwenye shafti za pampu na vali, au bomba lenye mpira kwa ndani. Bomba pana nalo husaidia, kwani kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, ulikaji huongezeka mara nne au zaidi.

Brearley alihamia kampuni ya Brown Bayley, akapanda hadi ukurugenzi. Alifariki mwaka 1948.